Mnara Ambao Hatukuuona

Orofa sitini. Maegesho ya magari 2,000. Ukumbi mkubwa wa mikutano, maduka, afisi za kukodisha, makao makuu ya chama cha KANU, afisi za gazeti la Kenya Times, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 200 hivi za Kimarekani, sehemu kubwa ikiwa ya kukopa ng'ambo. Mahali: ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mwaka: 1989. Waliolibuni walijigamba kwamba likisimama litakuwa jengo refu kuliko yote barani Afrika.

Halikusimama. Sisi tuliozaliwa baada ya mkasa huo tumeusikia kama ngano ya jioni: hapo zamani za kale palitokea mama jasiri, akapambana na zimwi, zimwi likashindwa, hadithi yangu ikaishia hapo. Ni ngano tamu na mimi naipenda. Lakini ngano ina tabia ya kuruka mambo, na lililorukwa hapa ndilo linaloninyima usingizi. Kabla zimwi halijashindwa ilibidi mtu aseme lina urefu gani, litakula nini, na kivuli chake kitamfunika nani. Kitu chenyewe bado hakipo, ni mchoro tu kwenye karatasi ya mwenye pesa. Unakipimaje? Na nani kakupa ruhusa ya kukipima? Hayo ndiyo maswali ninayotaka tuyafuate, msomaji, kuanzia Nairobi mpaka Lamu.

Tuanze na uwanja wenyewe. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua Uhuru Park tarehe 23 Mei 1969. Ni hekta 12.9 hivi, ekari thelathini na kitu. Upande mmoja ipo Uhuru Highway na ng'ambo ya barabara ndio mji wenyewe. Upande wa pili ardhi inapanda kwenda Community na Upper Hill. Si msitu, si mbuga. Ni nyasi, miti, na kiziwa cha kuchimbwa. Lakini waulize wazee wa Nairobi ni nani waliokuwa wakienda pale. Mhubiri wa saa saba mchana na wasikilizaji wake waliokosa nauli ya kurudi nyumbani kula. Kibarua aliyezunguka Industrial Area tangu alfajiri bila kupata kazi, amejilaza chali, gazeti usoni. Watoto kutoka Eastlands siku ya Krismasi, wamevalishwa nguo mpya, wanalilia kupanda mashua. Maharusi na mpiga picha. Wapenzi wawili wasio na chumba. Mtu wa Mathare au Kangemi hana bustani kwake. Wakati mwingine hana hata kamba ya kuanikia nguo. Hapa palikuwa mahali ambapo unakaa na hakuna anayekuuliza umenunua nini.

Na ukikaa pale, unaangalia. Mbele yako unaliona jumba la KICC, lililomalizika mwaka 1973, mita 105 kwenda juu. Ndilo jumba lililochapishwa kwenye noti zetu za mwaka 2019. Nairobi ikitaka kujitambulisha kwa mgeni hutoa picha hiyo: jumba, anga, na miti chini yake. Miti yenyewe mingi ni ya Uhuru Park. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Oktoba 1989 habari za mnara zikamfikia Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, kundi la kina mama lililokuwa likipanda miti tangu mwaka 1977. Hakuanza kwa maandamano. Alianza kwa barua. Aliandikia Kenya Times, akaandikia Ofisi ya Rais, Tume ya Jiji, mkuu wa mkoa, waziri wa mazingira, wizara ya ujenzi, mashirika ya Umoja wa Mataifa. Alimwandikia hata Balozi wa Uingereza mjini Nairobi, kwa sababu mmoja wa wabia wakubwa wa mradi alikuwa tajiri wa magazeti wa huko, Robert Maxwell. Akamwomba aseme naye. Je, mambo haya yangewezekana Hyde Park kule London, au Central Park kule New York? Kama hayawezekani huko, kwa nini yawezekane hapa?

Hakujibiwa kwa barua. Alijibiwa magazetini. Na katika yale majibu, ukiacha matusi pembeni, hoja zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, kwamba jengo ni zuri mno, kazi ya fahari ya usanifu, na wanaolipinga ni wajinga wachache. Ya pili, kwamba lingechukua sehemu ndogo tu ya bustani.

Hapo penye "sehemu ndogo tu" pana ujanja, na ujanja huo haujafa mpaka leo. Jengo linapimwa kwa msingi wake, kana kwamba linakaa pale lilipokanyaga peke yake. Hebu tupige hesabu, hesabu ya kidato cha nne tu. Tuchukue kila orofa kuwa mita tatu na nusu. Orofa sitini ni mita 210, yaani KICC mbili zilizobebana. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo adhuhuri kivuli kingekuwa kifupi, kimejikunyata miguuni mwa mnara. Lakini mwezi wa tatu au wa tisa, saa kumi na moja jioni, jua limeshuka na kivuli cha kitu chenye mita 210 kinakaribia nusu kilomita. Kingeivuka barabara kuu na kuingia mjini. Asubuhi kingelala upande wa pili, juu ya nyasi zile zile ambazo ati hazikuguswa. Bado hatujataja magari elfu mbili yanayotoka kwa pamoja saa kumi na moja kwenye Uhuru Highway, maji ya kunywa ya orofa sitini, na majitaka ya orofa sitini. Sehemu ndogo tu!

Kisha lipo jicho. Hili ndilo watu wetu huona haya kulitaja mbele ya wakubwa, kana kwamba kusema "litaziba tunachokiona" ni deko la watu walioshiba. Huyo kibarua aliyelala chali hana shamba, hana hisa, hana gari la kuegesha pale. Alichokuwa nacho Uhuru Park ni anga. Mnara ungemnyang'anya hiyo anga na mahali pake ungemwekea sanamu aiangalie. Wala usifikiri sanamu ilikuwa pambo tu. Mjenzi wa mnara wa chama katikati ya bustani ya watu anajua vizuri kabisa jicho linafanya nini. Alitaka ukiwa popote mjini, ukiinua uso, umwone.

Mama yule alipoitaja Hyde Park hakuwa anarembesha barua. Wenzetu walikwisha kuweka sheria. Marekani ilikuwa na yake tangu tarehe 1 Januari 1970: mradi mkubwa wa serikali kuu lazima utanguliwe na maandishi yanayoeleza utaharibu nini, na sheria hiyo inataja waziwazi mazingira yanayopendeza macho kuwa jambo la kulindwa. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana juu ya agizo lao mwaka 1985, na Uingereza ikatunga kanuni zake mwaka 1988, mwaka mmoja tu kabla ya mkasa wetu. Huko London, tangu miaka ya 1930 majengo yanayolizunguka kanisa la St Paul's yamekuwa yakiwekewa mipaka ya urefu ili kanisa lisipotee machoni mwa watu. Kwa hiyo Bwana Maxwell nyumbani kwake alikuwa mtu wa kuombwa karatasi. Hapa kwetu karatasi haikuwepo ya kumwomba. Kenya ya mwaka 1989 haikuwa na sheria yoyote iliyomlazimisha mtu kupima athari za jengo na kuwaonyesha wananchi vipimo kabla ya kuchimba msingi.

Ndiyo maana nasema, na mwenye kubisha abishe, kwamba zile barua zilikuwa ndiyo tathmini ya mradi ule. Tathmini bila mshahara, bila muhuri, bila jedwali. Mtu mmoja alikaa akauliza mbele ya umma: kitakaa wapi, kitamwondoa nani, kitaziba nini, kitalipiwa na nani?

Wakubwa walielewa vizuri kilichoulizwa, kwa sababu waliacha kuzungumza juu ya jengo wakaanza kuzungumza juu ya muulizaji. Tarehe 8 Novemba 1989 Bunge lilimjadili. Kosa lake likawa ni kuandikia wageni. Kama anawapenda Wazungu hivyo basi aende akaishi nao. Green Belt likaitwa genge la wanawake waliopewa talaka. Hebu fikiria: waheshimiwa wazima wanaulizwa juu ya kivuli na majitaka, wanajibu juu ya talaka. Tarehe 15 Novemba ardhi ikaanza kuvunjwa.

Akaenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kusimamisha ujenzi. Tarehe 11 Desemba Jaji Dugdale akaitupa kesi. Sababu yake inastahili kusomwa na kila kijana wa nchi hii. Hakusema kwamba mnara ni mzuri wala mbaya. Alisema mama huyu hana haki ya kushtaki. Hakuonyesha kwamba yeye binafsi amekosewa. Na kama ni umma uliokosewa, basi anayeweza kuusemea umma ni Mwanasheria Mkuu. Mwanasheria Mkuu ni nani? Ni wakili wa serikali ile ile. Wahenga walisema kesi ya ngedere akipelekewa nyani haki haipo, nao hawakupata kusoma sheria chuo chochote.

Kesho yake ilikuwa Jamhuri. Rais alihutubia taifa akiwa pale pale Uhuru Park, akasema mwanamke wa Kiafrika mwenye adabu huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt wakafukuzwa katika afisi za serikali walimokuwa kwa miaka mingi, kwa notisi ya siku moja, wakahamia nyumbani kwa Profesa, sebuleni, wakaendelea kuhesabu miche.

Sasa hapa ngano hunipotea kidogo. Husemwa kwamba mama alishinda. Naam, alishinda, lakini si Bungeni, wala si mahakamani, na kwa kweli si kwa sababu mtu yeyote mwenye mamlaka alikubali hoja yake kuhusu anga na nyasi. Mapema mwaka 1990 wenye pesa wa ng'ambo walirudi nyuma, kelele zikiwa zimewafikia, na mradi bila pesa ni mchoro. Ukapunguzwa kwanza, kisha ukafa. Uzio uliozungushwa bustanini ukaja kuondolewa mwaka 1992. Tuliokolewa na hofu ya wakopeshaji. Nasema hivyo bila kumpunguzia Profesa hata chembe, maana hofu hiyo ni yeye aliyeipanda. Lakini tukijidanganya kwamba nchi ilisikiliza, hatutaelewa yaliyofuata.

Na tulivyookoka! Novemba 1991 Robert Maxwell alikutwa amekufa baharini karibu na visiwa vya Canary, na muda si mrefu ikagunduliwa kwamba mamilioni kwa mamilioni ya pauni yalikuwa yamechotwa katika akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wake. Himaya yake ikaporomoka. Mimi hujiuliza: kama orofa za mwanzo zingekwisha kupanda, nani angezimaliza? Pengine hadi leo tungekuwa na gofu katikati ya bustani, na deni lake mgongoni.

Miaka kumi baada ya mnara, mwaka 1999, Bunge la Kenya likatunga Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, ikaanza kutumika mwezi Januari 2000. Nilipoisoma mara ya kwanza, katika maktaba, nilicheka peke yangu mpaka msimamizi akanitazama. Nyuma yake ipo orodha ya miradi inayolazimika kufanyiwa tathmini. Ungetazamia ianze na viwanda, mabwawa, migodi. La! Wakati huo ilianza na shughuli yoyote isiyofanana na mahali inapowekwa, kisha jengo lolote ambalo ukubwa wake hauendani na mahali lilipo. Ni kama mwandishi wa sheria alikaa kwenye nyasi za Uhuru Park akaandika anachokiona, au tuseme ambacho kwa bahati hakukiona. Kifungu cha tatu kikaifuta hukumu ya Jaji Dugdale: mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kutetea mazingira, hata kama yeye mwenyewe hakupata hasara. Katiba ya mwaka 2010 ikakikaza zaidi katika ibara ya 70.

Mwaka 2003 zikaja kanuni. Wakati huo Wangari Maathai alikuwa naibu wa waziri wa mazingira katika serikali mpya. Mwaka uliofuata ndio aliopata Tuzo ya Nobel ya Amani. Kanuni hizo zinamtaka mpimaji aeleze jengo litafungua au litaziba mandhari gani, litang'oa mimea ipi, linapatana vipi na majirani zake, na litafungua au litafunga nafasi gani ya watu kupumzika. Mwenye mradi aitishe mikutano ya wananchi isiyopungua mitatu. Abandike matangazo, atangaze magazetini na redioni. Lile swali lililomfanya mtu aitwe mwendawazimu mwaka 1989 sasa ni mstari kwenye fomu.

Fomu! Ngoja niwaambie kuhusu fomu. Mwaka juzi nilikuwa kibandani kwa mama chapati, mtaa wa kwetu, akaja kijana mwenye kitambulisho shingoni na rundo la karatasi. Jina, nambari ya kitambulisho, simu. Unaunga mkono mradi? Unadhani utaleta ajira? Sahihi. Nikamuuliza ni mradi gani. "Ni apartment tu, boss." Za orofa ngapi? Hakujua. Mchoro je? Alikuwa hana. Mama chapati akauliza kama maji ya mtaa yatatosha, kijana akamwambia hilo aandike pale chini kwenye "maoni mengine". Pale chini palikuwa na mstari mmoja, urefu wa kidole. Wenzetu wawili walitia sahihi huku wanatafuna. Mama chapati alikataa, si kwa siasa, mikono ilikuwa na unga. Leo jengo lipo, orofa nane, na kibanda hakipati jua mpaka saa nne asubuhi. Sina shaka yoyote kwamba mahali fulani ipo ripoti yenye jalada safi inayosema wananchi walishirikishwa.

Ubaya wake si kwamba mtaalamu ni mwongo. Wataalamu wengi ni waungwana. Ubaya ni kwamba aliyemwajiri ni mwenye mradi, anayemlipa ni mwenye mradi, na ripoti isiyompendeza mwenye mradi itampatia mtaalamu sifa na njaa. Sheria ilimpa mwananchi sauti, lakini ikampa mwenye jengo kalamu ya kuiandika sauti hiyo.

Mahali ambapo jambo hili lilifikia upeo ni Lamu, nako tunakwenda kwa njia fupi sana, kwa sababu kipimo ni kile kile: mita 210. Huo ndio uliokuwa urefu wa bomba la moshi la kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa na kampuni ya Amu Power huko Kwasasi, kilomita 20 hivi kaskazini mwa mji wa Lamu. Umeme wa megawati 1,050. Lamu ambayo mji wake wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mji wa nyumba za matumbawe za orofa mbili tatu, ambamo punda ndio matatu, na kilicho kirefu ni mnara wa msikiti na mlingoti wa jahazi. Nahodha akitoka baharini husoma alama za nchi kavu ajue yuko wapi. Sasa alama ingekuwa moja, ionekane kutoka kila upande, na iwe inafuka moshi.

Sitaki kumhadaa msomaji: kesi ya Lamu haikushindwa kwa sababu ya mandhari. Ilibebwa na majivu ya makaa, maji ya moto ya kurudishwa baharini, tabia ya nchi. Wala watu wote wa Lamu hawakuwa upande mmoja. Wapo vijana waliotaka kazi, na kijana anayetaka kazi si mjinga. Miye mwenyewe naitafuta. Lakini kiini cha kesi kilikuwa kile kile cha mama chapati. Leseni ilitolewa Septemba 2016. Save Lamu na wenzao wakakata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira. Likasikiliza kwa miaka, na tarehe 26 Juni 2019 likaifuta leseni. Mikutano ilifanyika, ndiyo. Wananchi waliitwa, wakakaa kwenye viti, wakasikia kwamba mradi unakuja. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya utafiti kukamilika. Ripoti ilipotoka, yenye kurasa nyingi na kila athari ndani yake, hakuna aliyerudi kukaa nao aseme: haya ndiyo tuliyoyaona, mnasemaje? Waliulizwa maoni juu ya kitu ambacho kilikuwa bado hakijapimwa. Jopo likasema huko si kushirikisha watu.

Ukiilinganisha hukumu hiyo na ya Desemba 1989, utaona umbali tuliotembea. Jaji wa kwanza alimwambia mwananchi: wewe ni nani hata uulize? Jopo la Lamu lilimwambia mwenye mradi: hukuwaambia watu ulichokiona, rudi. Kampuni ikakata rufaa nayo, na mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi ikaikataa.

Hata hivyo Lamu hiyo hiyo ina upande wa pili. Bandari mpya ya Lamu nayo ilipimwa, lakini uchimbaji ulianza watu wakiwa bado wanalalamika. Wavuvi wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 mahakama ikaona kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Fidia ikaanza kubishaniwa: italipwa lini, kwa pesa taslimu au kwa vyombo vya uvuvi, nani yumo kwenye orodha na nani hayumo. Mikoko iliyokatwa na matumbawe yaliyochimbuliwa havikuwa na wakili wa kuulizia orodha.

Profesa Maathai hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Serikali ikampa mazishi ya heshima za kitaifa, na tarehe 8 Oktoba ibada ikafanyika Uhuru Park, mahali palipokuwa pajengwe mnara. Jeneza lake lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu ya ziwani, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Waliohudhuria walikaa kwenye nyasi, juani.